Kiraka Si Aibu



Katika matayarisho ya mchezo wa jukwaani wa watoto wa madrasa, tulihitaji vazi la viraka la maskini apitaye mlango hadi mlango. Fundi cherehani alikuwa na kazi nyingi, nasi tukajitwika sindano na uzi, tukidhani jambo lenyewe ni dogo.

Bibi mmoja jirani, mshonaji wa miaka mingi, alipouona mshono wetu alitabasamu, akauliza, "Maalim, hilo ni vazi au gunia?" Kisha akatufunza. Vitambaa vya leso, kikoi na kaniki hufuliwa kwanza, ili kinachochuja rangi au kurudi kifanye hivyo kabla ya kushonwa. Kila kipande hukatwa kwa ziada ya upana wa kidole pande zote, ukingo hukunjwa ndani, kikapigwa bandi juu ya kanzu kuukuu, ndipo kikashonwa kwa mishono midogo ya karibu karibu. Bandi hufumuliwa mwisho. Jioni tatu zilipita, na vidole vyetu vikachomwa, kwa kuwa kastabini tuliidharau.

Siku ya mazoezi, mwigizaji alipoingia na vazi lile, watoto waliangua kicheko. Tulifurahi, maana ndivyo tulivyouandika mchezo. Kisha tukamwona kijana mmoja safu ya mbele asiyecheka. Mkono wake ulikuwa begani, umefunika kiraka cha kanzu yake. Kanzu hiyo tukiiona kila siku, wala hatukuwahi kukitambua kiraka chake, kwa jinsi kilivyoshonwa vizuri.

Tuliona haya. Pasipo kumtaja yeyote, tuliwakalisha watoto tukawasimulia riwaya ya Anas bin Malik, iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik, kwamba alimwona Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa kiongozi Madina, na baina ya mabega yake mna viraka vitatu vilivyopandana. Na Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

Usiku ule tuliuandika upya mwanzo wa mchezo. Mwenye viraka sasa huingia kwa salamu, na wenye nyumba humwinukia.

Mama zetu mnaokesha mkitia viraka nguo za watoto, kazi hiyo msiifiche. Nasi akina baba tujifunze sindano. Na sote tuchunge vicheko vyetu mbele ya watoto, kwani mtoto huanza kuionea haya nguo yake siku aliyowasikia wakubwa wakiicheka ya mwenzake.

Allah azisitiri nyumba zetu. Amin.