Dai la Bima ya Mkopo Limekataliwa? Soma Sababu Tena

Umekopa, pesa zikaingia pungufu kidogo, na kwenye maelezo ukaona neno "bima". Ulipokwama ukaomba bima ilipe, jibu likaja: dai limekataliwa. Wengi wetu huishia hapo. Si lazima.

Bima hii hufanya nini?

Bima ya mkopo hulipa deni lako ukifariki, ukipata ulemavu wa kudumu, na nyingine hulipa ukiachishwa kazi. Shida ni kwamba kuna watu huuziwa bima ambayo masharti yake hayawahusu kabisa.

Tuseme wewe ni mama mboga wa Mghange, unanunua mboga kwa wakulima huku milimani na kuziteremsha hadi Voi. Ulikopa KSh 40,000, ukakatwa KSh 1,200 za bima ya kupoteza kazi. Mvua ikakosa, biashara ikalala. Bima inakujibu: "Hukuwa umeajiriwa."

Kwa masharti yao, wako sawa. Lakini basi kwa nini walikuuzia? Hapo barua ya kukataa inageuka kuwa ushahidi wako. Usibishane tena kuhusu deni kulipwa. Dai urudishiwe zile KSh 1,200, kwa sababu bima hiyo haingekufaa hata siku moja.

Fanya hivi

1. Omba sababu kwa maandishi. Maneno ya simu hayatoshi.

2. Kusanya ushahidi. Mkataba, SMS za mkopo, na taarifa ya miamala inayoonyesha makato. Usifute SMS hata ukimaliza kulipa.

3. Andikia aliyekuuzia, na nakala kwa kampuni ya bima. Eleza ulikuwa ukifanya kazi gani siku ulipokopa, uliambiwa nini kuhusu bima, na unataka kiasi gani. Weka tarehe, baki na nakala.

4. Wakikataa tena, panda ngazi. Peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA); unaweza kuyatuma kupitia tovuti yao. Kama aliyekukopesha ni benki, unaweza pia kuiandikia Benki Kuu ya Kenya.

5. Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Hauombi msaada hapa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua.

Je, huzaa matunda?

Huko Uingereza, benki ziliuza bima za aina hii kwa mamilioni ya watu, wakiwemo waliojiajiri. Wengi walikataliwa mwanzoni, wakakata rufaa kwa msuluhishi wa malalamiko ya kifedha, wakashinda. Kufikia mwisho wa 2019, zaidi ya pauni bilioni 38 zilikuwa zimerudishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Jihadhari

Mtu akikupigia akisema atakurudishia pesa za bima ukituma "ada ya faili" kwanza, huyo ni tapeli. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.