Ukurasa wako wa oda unachelewa kufunguka? Angalia picha ya nyuma

Leo nawapa funzo lililonitoka mfukoni, shilingi elfu tano kamili.

Nauza vitenge na khanga. Nina ukurasa mdogo wa kupokea oda kwenye intaneti, nilitengenezewa na kijana mmoja wa mtaani. Nikataka uvutie, nikamwambia aweke picha ya duka lote nyuma ya bei na vitufe vya kuagiza. Picha ilikuwa na megabaiti 3! Wateja wakaanza: "Dada, ukurasa wako unazunguka tu, unatumalizia bando." Halafu mteja mmoja akasoma 18,000 kama 13,000, maana namba nyeupe zilikaa juu ya kitambaa cheupe kwenye ile picha. Akatuma 13,000. Kosa lilikuwa langu, nikampa mzigo wake.

Kumbe dawa nilikuwa nayo dukani. Khanga ina pindo na mji, ni kitu kimoja kizima. Ukiikata katikati umeiharibu. Kitenge ua lilelile linajirudia mwanzo hadi mwisho. Picha yangu kubwa ilikuwa khanga. Nyuma ya maandishi panataka kitenge: kipande kidogo ambacho simu inakipakua mara moja tu, kisha inakipanga kama vigae vya sakafuni mpaka nafasi ijae. Kipande cha pikseli 64 kwa 64 kwa kawaida hakizidi kilobaiti 15. Yaani ile picha yangu ilikuwa nzito zaidi ya mara 200.

Fanya hivi:

1. Tandaza kitambaa kisiwe na mikunjo. Piga picha kivulini mchana, simu iwe juu yake moja kwa moja. Ukipiga upande, maua ya mbali yatakuwa madogo na vipande havitaungana.

2. Chagua ua moja. Tafuta linapojirudia kulia, kisha linapojirudia chini. Kata kisanduku hicho tu, halafu kipunguze ukubwa.

3. Angalia kingo. Upande wa kulia ukutane na wa kushoto, wa juu na wa chini. Visipokutana utaona mistari kama sakafu ya fundi mbaya. GIMP ni programu ya bure ya kompyuta, ina kichujio kinaitwa Tile Seamless kinacholainisha kingo.

4. Mwambie anayekutengenezea ukurasa asiweke amri ya kuvuta picha ijae skrini. Kivinjari chenyewe kinarudia picha ndogo ya nyuma bila kuambiwa. Aweke pia rangi moja inayofanana na kitambaa, ili intaneti ikisuasua maandishi yasomeke kabla picha haijafika.

5. Hili ndilo kubwa: bei na maandishi ya kwenye vitufe visikae juu ya maua. Viwekee rangi moja tupu nyuma yake, maandishi meusi juu ya rangi nyepesi. Maua yabaki pembeni na juu kwenye jina la duka, tena yafifishwe kidogo. Kitufe chenye maua mengi mteja hajui kama ni cha kubonyeza au ni pambo.

Ukimaliza, toka nao juani. Mpe simu mtu mzima asiyevaa miwani, muulize: "Hii bei gani?" Akisita, rekebisha.

Mimi siku hizi ukurasa unafunguka haraka, na hakuna aliyekosea bei tena. Mapambo ni mazuri jamani, ila mteja amekuja kununua, lazima kwanza aone anacholipia.

Wewe ukurasa wako una picha gani nyuma? Tuambie kwenye komenti, na umtumie mwenzako mwenye duka la mtandaoni.