Kabla hujaweka karai la chipsi langoni, piga hesabu hizi

Igunga. Msimu wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, fedha huanza kuonekana mikononi mwa familia nyingi za Choma, wilayani Igunga mkoani Tabora. Ni wakati ambao mama mwenye akiba kwenye kikundi huwaza kufungua kibanda cha chipsi. Tena si sokoni walikojaa wenzake, bali langoni mwa zahanati, kituo cha mabasi au jirani na shule.

Wazo si baya. Kampuni kubwa duniani nazo huweka migahawa kwenye vituo vya mafuta, hospitali na viwanja vya ndege. Nchini Marekani, anayetaka kufungua mgahawa wa McDonald's hulipa ada ya Dola 45,000 kwa haki ya kutumia jina hilo, kabla hata ya kununua jiko.

Choma hakuna anayelipia jina. Lakini akiba inayowekwa mara nyingi ndiyo ada ya shule na nauli ya hospitali, hivyo ikipotea, wanaoumia ni watoto.

Eneo lina mwenyewe
Gharama ya kwanza ni ruhusa. Ndani ya eneo la zahanati au shule, uongozi wake lazima ukubali. Kando ya barabara, uliza kwanza mpaka wa hifadhi. Kwa barabara zinazosimamiwa na Tanroads, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kibanda kilichojengwa humo kinaweza kubomolewa, na fedha ya mbao na mabati ikaenda nacho.

Hesabu ya sahani
Chukua mfano huu, kisha weka bei za soko lako. Sahani inauzwa Sh1,500. Viazi, mafuta, mkaa na kachumbari vinakula Sh1,000, inabaki Sh500. Kodi ya eneo, msaidizi na maji ni Sh10,000 kwa siku. Maana yake sahani 20 za kwanza zinalipa gharama tu. Faida inaanzia sahani ya 21.

Ukiuza sahani 30, unabaki na Sh5,000. Kwa siku 26 za mwezi ni Sh130,000. Kama uliingiza mtaji wa Sh900,000, itakuchukua takribani miezi saba kuurudisha, bila kuugusa kwa matumizi ya nyumbani.

Sasa fikiria msimu wa kilimo, fedha zikiwa zimekwenda kwenye mbegu na vibarua. Mauzo yakishuka hadi sahani 15, unapoteza Sh2,500 kila siku, sawa na Sh65,000 kwa mwezi. Ndiyo maana mtaji wote usiishie kwenye karai na meza. Tenga fedha ya kuvukia miezi hiyo.

Kodi nayo isisahaulike. Vitambulisho vya wajasiriamali vya Sh20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Sahani 30 kwa siku ni mauzo ya zaidi ya Sh14 milioni kwa mwaka, hata kama faida ni ndogo. Fika TRA mapema. Namba ya mlipakodi hutolewa bure.

Viazi vinatoka wapi?
Januari 2022, migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka nje na meli zilichelewa, ilhali wakulima wa Kenya walikuwa na viazi. Viazi mviringo vinavyofika Choma navyo husafiri mbali, kutoka mikoa kama Mbeya na Njombe. Nauli ikipanda, faida inapungua. Viazi vitamu, ambavyo familia za huku hukausha kuwa michembe na matobolwa, vinapatikana jirani. Kuviweka kwenye orodha pamoja na wali ni kinga ya mtaji.

Usalama si wa kubania
Langoni mwa zahanati wateja wako ni wagonjwa, wajawazito na watoto. Weka kwenye bajeti maji ya kunawa yanayotiririka, sabuni, kabati la kufunika chakula na upimaji wa afya wa kila miezi sita kwa wewe na msaidizi wako. Mafuta yaliyobadilika rangi na harufu yamwagwe, hata kama yamebaki nusu karai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye joto kali au ubaridi, na chumvi isizidi gramu tano kwa siku kwa mtu mzima. Basi chumvi anyunyize mteja mwenyewe.

Gharama ya mwisho haiandikwi daftarini: nani atabaki na watoto jioni? Mtoto anayekaa chini ya meza ya karai yuko hatua moja kutoka kwenye mafuta ya moto. Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usimpake dawa ya meno, kisha mpeleke zahanati.

Kama hakuna wa kukaa naye, mlipe mtu, na malipo hayo yaingize kwenye zile Sh10,000 za kila siku. Yakiingia na hesabu bado inakubali, washa jiko.