Nguo Itokayo kwenye Mti Ulio Hai

Hapa Songea hakuna asiyefurahi asali inapofika sokoni. Lakini ni wachache wetu wanaouliza mzinga ulitoka wapi. Mzinga wa gome hupatikana kwa kubandua gome la myombo kuzunguka shina lote. Asali tunakula, na mti unabaki porini ukikauka.

Tulidhani ndivyo ilivyo kwa kila mti: ukiubandua, umeuua. Kumbe majirani zetu wa Uganda wana mti unaobanduliwa kila mwaka na unaendelea kuishi. Mti huo ni mtuba, na gome lake ni nguo iitwayo lubugo. Wahaya wa Kagera nao walivaa nguo ya namna hiyo, na hata wazee wa nchi yetu ya miombo walijua nguo za magome kabla pamba haijaenea.

Siri iko kwenye jani la mgomba

Chini ya gome la mti kuna utando mwembamba ulio hai. Huo ndio unaozaa gome jipya. Gome likiondolewa pande zote na utando ukakauka kwa jua, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa.

Fundi wa Buganda hubandua gome wakati wa mvua, kwa uangalifu, asiuumize utando huo. Papo hapo hulifunga shina kwa majani ya mgomba, kama mama anavyofunga kidonda cha mtoto. Unyevu hubaki, na gome jipya huota. Mtuba mmoja uliotunzwa vizuri huweza kuvunwa kwa miaka 30 au 40.

Gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kivulini, lisikauke upesi. Hupanuka na kulainika mpaka linakuwa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huu ni urithi wa ukoo wa Ngonge, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Msanii aliyerudi shambani

Fred Mutebi alisoma sanaa Chuo Kikuu cha Makerere. Anajulikana kwa picha za kuchapa: huchonga ubao, hupaka rangi, huchapa, kisha huchonga tena ubao ule ule kwa rangi inayofuata. Baadaye aliigeukia lubugo, na kazi yake haikuishia kwenye picha. Ameshirikiana na wakulima wa Bukomansimbi, karibu na Masaka, kupanda mituba. Mti huo huipa kahawa na migomba kivuli, na majani yake huanguka na kurutubisha udongo.

Wengine wameendelea kwa njia zao. José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayebuni mavazi London, hushona magauni ya lubugo pamoja na vitambaa vilivyokwisha tumika. Samson Rwahwire wa Chuo Kikuu cha Busitema ameipima lubugo maabara, akaichanganya na gundi ngumu, kuona kama inafaa kwa sehemu za ndani ya magari.

Je, si nguo ya mizimu?

Wapo Wakristo wanaoiogopa, kwa sababu lubugo huzikiwa maiti na hutumika katika matambiko. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini sanda zetu hapa Songea ni za pamba, wala hatujaacha kuvaa pamba. Kitambaa hakina kosa. Tuangalie mtu anakitumia kwa jambo gani.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusikimbilie kubandua myombo tukidhani utafanya kama mtuba. Kila mti una tabia yake. Baba au kijana wa nyumbani anayefuga nyuki, tuzungumze naye kwa upole juu ya mizinga ya mbao, ambayo hutumika miaka mingi bila kudai gome jipya.

Pili, vipande vya vitenge vinavyotupwa chini ya cherehani tuvikusanye. Vinatosha mifuko, vitambaa vya meza na shuka la mtoto.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuwatazame binti zetu. Mara nyingi binti anayependa kuchora huambiwa aache mchezo asome sayansi, na anayependa sayansi huambiwa kushona ni kazi ya walioshindwa shule. Lubugo imehitaji mkono wa fundi, jicho la mchoraji, akili ya mtu wa maabara na jembe la mkulima. Binti akikuuliza kwa nini mti mmoja hufa na mwingine hupona, usimwambie anyamaze akaoshe vyombo. Vyombo ataosha. Mjibu kwanza, na kama hujui jibu, mtafuteni pamoja.