Kuruka kwa Pili: Senta Mkongwe Asajiliwe au Aachwe?

Jumamosi jioni, jua likianza kushuka upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, huja uwanjani petu hapa Kifaru fundi seremala mmoja wa miaka 47. Ujanani alicheza senta. Siku hizi haruki tena, miguu yake huachana na ardhi kwa kiasi cha unene wa kitabu tu. Lakini vijana wangu wa miaka 18, wanaoruka kama swala, hawamwezi kwenye ribaundi. Mpira ukiwa bado mkononi mwa mtupaji, yeye ameshajua utakaposhukia; anaweka mgongo, anapanua viwiko, anangoja.

Wiki iliyopita, tukiwa tumekaa kando ya uwanja, kijana mmoja aliniuliza: "Kocha, tungekuwa klabu ya ligi, tena yenye hela, tungemsajili Hasheem leo?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo ni la kitaalamu kabisa, na viongozi wengi wa klabu hulijibu kwa kutazama picha za zamani.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987 na ana urefu wa sentimita 221. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2009, baada ya miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili kwenye orodha nzima ya vijana waliokuwa wakiingia NBA: nafasi moja mbele ya James Harden na tano mbele ya Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Baada ya Memphis alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari ya NBA ikaishia hapo. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Wengi wakisikia jina lake huanza kubishana kama alistahili nafasi ile ya pili. Kwa klabu inayotafuta senta, ubishi huo haufungi hata pointi moja. Kinachotakiwa kujulikana ni kilichobaki mwilini, na mwili wa senta una namna yake ya kuzeeka.

Urefu hauzeeki. Mikono mirefu haifupiki, na jicho linalosoma mpira huzidi kukomaa. Kinachoondoka mapema ni mlipuko, yaani ule uwezo wa msuli kutoa nguvu zote kwa mara moja. Nyuzi za msuli zinazofanya kazi hiyo hupungua kasi tunapovuka miaka 30, kabla hata ya nguvu za kawaida kupungua. Ndiyo maana mzee anaweza bado kumsukuma kijana, lakini hawezi kukimbizana naye. Baada ya hapo kuna kano za goti na kisigino, na gegedu ndani ya kiungo, ambazo hubeba uzito wa mwili mara kadhaa kila mchezaji anapotua. Kwa mtu mwenye kilo zaidi ya 110, kutua ndiko kunakogharimu.

Kwa hiyo ninapompima senta mkongwe sitazami kuruka kwake kwa kwanza. Kuruka kwa kwanza amejiandaa, ameinama, amevuta pumzi, na hata ukongwe huweza kujificha hapo. Natazama kuruka kwa pili: mpira umegonga ringi, ameukosa, ametua, je, anarudi juu baada ya muda gani? Kijana huruka tena kabla hujapepesa jicho. Mkongwe aliyekwisha hutua, hutulia, hukusanya miguu, na wakati huo pointi mbili zimeshaingia. Halafu namgeuza nyonga: namwambia alinde anayekuja upande wa kulia, kisha mshambuliaji abadili ghafla kwenda kushoto. Vipimo hivi viwili havihitaji mashine. Vinahitaji mpira, mtu mkweli na dakika 20.

Umri wenyewe una hesabu mbili. Upo wa kwenye pasipoti na upo wa kwenye magoti. Yao Ming, Mchina wa sentimita 229, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu miguu yake ilikataa. Senta aliyekaa benchi misimu mingi anaweza kuwa na miaka 38 na magoti yasiyotumika sana. Klabu makini huuliza mtu amecheza dakika ngapi maishani mwake na amefanyiwa upasuaji mara ngapi, ndipo iulize alizaliwa lini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika Houston Rockets mwaka 2004 akiwa na miaka 38. Alishakuwa mlinzi bora wa NBA mara 4. Houston haikumwomba awe yule wa zamani. Kazi yake ilikuwa kumpumzisha Yao kwa takriban dakika 15 kila mchezo. Machi 2007, akiwa na miaka 40, alichukua ribaundi 22 katika mchezo mmoja dhidi ya Denver. Mwaka uliofuata Rockets walishinda michezo 22 mfululizo. Yao alivunjika mguu wakiwa wameshinda 12, na 10 iliyobaki walishinda huku Mutombo wa miaka 41 akisimama chini ya ringi. Alimaliza Aprili 2009 huko Portland, pale kano ya goti ilipokatika mchezo ukiwa bado mchanga. Alikuwa na miaka 42.

Upande wa pili yupo Hakeem Olajuwon, Mnigeria ambaye ndiye aliyepiga bloku nyingi kuliko wote katika historia ya NBA. Toronto Raptors ilimchukua mwaka 2001 akiwa na miaka 38 kwa mkataba wa miaka 3. Alicheza msimu mmoja, mgongo ukamlazimisha kustaafu. Umri ulikuwa uleule, na kwa kipaji Hakeem alikuwa juu zaidi. Mimi naona tofauti iko kwenye kazi waliyopewa. Mutombo alipewa kazi moja ndogo yenye mipaka. Hakeem alibeba matumaini ya kuwa nguzo.

Hapa kwetu lipo jambo jingine ambalo mashabiki wanaotazama NBA usiku hulisahau, nalo ni sheria. NBA tangu msimu wa 2001–02 humwadhibu mlinzi anayekaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazotumika Tanzania, Kenya na kwingineko, hazina katazo hilo kwa mlinzi. Senta wetu anaweza kusimama pale kama mlango wa ghala mchezo mzima. Tena katika FIBA mpira wa mchezo wa kawaida ukishagusa ringi, yeyote anaruhusiwa kuupiga hata ukiwa bado unazunguka juu yake. Kwa mtu wa sentimita 221, ringi ikiwa mita 3.05 tu juu ya ardhi, hilo ni shamba la kuvuna bila kuruka sana. Na mchezo wetu ni dakika 40, si 48.

Lakini mpinzani naye ana macho. Atampa mpira mchezaji wake mwepesi, mwenzake atamziba mlinzi, na senta wako atalazimika kuchagua: atoke hadi kwenye mstari wa pointi 3, mita 6.75 kutoka kwenye kikapu, au abaki chini na kuachia mtupo wa wazi. Timu yenye watupaji watatu wazuri itamtoa kila mara. Timu ikimsajili mkongwe bila kuwa na vijana wawili wa pembeni wenye miguu ya kuwahi, imenunua mlango bila ukuta.

Kwa hiyo nilimjibu kijana: ndiyo, ningemsajili senta wa aina hiyo, kwa dakika 12 hadi 16, zigawanywe vipande vifupi, na mkataba wa msimu mmoja. Isitoshe, Mtanzania hachukui nafasi ya mchezaji wa kigeni katika ligi zinazoweka ukomo wa wageni, na hilo pekee lina thamani kubwa kwa klabu inayoota Basketball Africa League, mashindano yaliyoanza Kigali mwaka 2021. Ila ningekataa kabisa asajiliwe ili akae mbele ya kijana wa miaka 20 anayejifunza nafasi hiyohiyo. Dakika 24 hadi 28 zinazobaki ni za kijana, na mazoezini wawili hao wapangwe pamoja, kwa sababu kile anachokijua fundi wangu seremala kuhusu mahali pa kuweka mgongo hakifundishwi kwa maneno.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningekiandika kwenye mkataba kabla ya mshahara. Hapa Kifaru mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanatupita kila siku, yameshakata Same na Mwanga, na abiria warefu huonekana dirishani magoti yakiwa yamefika kidevuni. Mtu wa sentimita 221 akikaa hivyo kwa saa nane au tisa, kisha akashuka Moshi na kuvaa jezi jioni hiyohiyo, kano za magoti zimeshachoka kabla ya mpira kurushwa juu. Ningeandika: kiti cha mbele chenye nafasi ya kunyoosha miguu, kusimama na kutembea kila baada ya saa mbili, na kufika siku moja kabla ya mchezo.