Wati za boksi na wati za kweli: soko la muziki wa nyumbani

Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi na mitaa ya vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, inauza bidhaa inayojitangaza yenyewe. Sabufa hutolewa nje ya duka, sauti hufunguliwa hadi mwisho, na wimbo unaotamba wiki hiyo hupigwa mpaka milango ya vioo itetemeke. Mteja husimama, huuliza bei, kisha huuliza: "Hii ina wati ngapi?" Jibu lipo kwenye boksi kwa tarakimu kubwa: 8,000, 10,000, na nyingine hadi 15,000.

Swali hilo ndilo linaloendesha biashara hii, na ndilo linalomtia mnunuzi hasara. Tarakimu inayomvuta haina kipimo kinachokubalika popote. Kwa kuwa soko linailipia, viwanda vinaiongeza kila mwaka, na fedha za familia zinaishia kwenye taa za rangi na plastiki inayong'aa, wakati sumaku, koni na transfoma, vitu vinavyotoa sauti hasa, vinazidi kuwa vyepesi.

Mzigo unavyofika dukani

Sehemu kubwa ya sabufa na spika za bei ya kati zinazouzwa kwetu hutengenezwa China, hasa mkoa wa Guangdong. Mfanyabiashara husafiri hadi Guangzhou au humtuma wakala aliye huko, huchagua muundo uliopo kiwandani, na akiagiza mzigo wa kutosha hubandikiwa jina analolitaka yeye. Ndiyo maana sabufa mbili zenye majina tofauti, ukizifungua, unaweza kukuta saketi ileile ndani.

Kontena likitua Dar es Salaam au Mombasa hulipiwa ushuru wa forodha, gharama za bandari na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Kutoka Kariakoo mzigo hutawanyika mikoani, na wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Comoro huja kujichukulia wenyewe. Kati ya duka na mteja yupo winga, kijana anayempokea mgeni barabarani na kumpeleka kwenye bidhaa. Faida yake hutoka kwenye tofauti ya bei, kwa hiyo naye huuza kwa maneno yanayoeleweka haraka. Wati elfu kumi hueleweka haraka.

Kwenye ngazi ya juu ya soko picha ni nyingine. Majina makubwa ya dunia yamekuwa yakimezwa na kampuni chache. Samsung ilikamilisha ununuzi wa Harman mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 8, na pamoja nayo ikapata JBL, AKG, Infinity na Harman Kardon. Mwaka 2025 Harman ikakubali kununua biashara ya sauti ya kampuni ya Masimo, yenye majina ya Denon, Marantz, Polk na Bowers & Wilkins, kwa dola milioni 350. Majina yaliyoshindana kwa miongo mingi sasa yamo chini ya paa moja, na fedha za Harman zinatoka zaidi kwenye spika za bluetooth na mifumo ya magari kuliko kwenye amplifaya za sebuleni.

Geuza boksi, soma nyuma

Tarakimu kubwa mbele ya boksi kwa kawaida huandikiwa PMPO. Hakuna utaratibu wa kimataifa unaosema PMPO ipimwe vipi, kwa hiyo kila kiwanda kinaandika kinachokipendeza. Kipimo chenye maana ni wati za mfululizo, ambazo wauzaji huziita RMS: kiasi ambacho amplifaya inaweza kukitoa bila kukatika na bila kuchafua sauti.

Mnunuzi ana njia ya kujithibitishia mwenyewe dukani. Ageuze chombo, asome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Mara nyingi ataona maandishi kama haya: 220–240V, 50Hz, 60W. Maana yake chombo hicho kinavuta wati 60 hivi ukutani. Muziki hupanda na kushuka, na kwa muda mfupi sana mdundo unaweza kupita kiasi hicho kwa sababu kuna akiba ya umeme kwenye kapasita. Lakini hakuna saketi inayovuta wati 60 na kutoa 10,000. Fyuzi nayo husema: fyuzi ya ampia 2 kwenye umeme wa volti 230 haiwezi kupitisha zaidi ya wati 460 kwa muda mrefu.

Hata wati za kweli hazihitajiki nyingi kama watu wanavyodhani. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa kiasi kidogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu. Hapo ndipo usikivu wa spika unapokuwa na thamani. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja umbali wa mita moja, ikipewa wati 25, hutoa ukubwa wa sauti uleule wa spika yenye desibeli 84 iliyopewa wati 100. Kwenye sebule ya kawaida, mtu anayesikiliza kwa starehe huwa anatumia wati chache tu.

Fedha ziende wapi

Spika ndiyo inayobadilisha sauti kuliko kifaa kingine chochote kwenye mfumo. Amplifaya nzuri za leo hutofautiana kidogo, ilhali spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Kwa hiyo mwenye shilingi 600,000 za Tanzania afikirie kuweka nusu au zaidi kwenye jozi ya spika, kisha kinachobaki atafute amplifaya yenye nguvu ya kiasi.

Vitu viwili vinahitaji uangalifu wakati wa kuoanisha spika na amplifaya. Cha kwanza ni omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye mlango mmoja huwa mzigo wa omu 4. Mbili za omu 4 huwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hapo hupata joto kali na kuungua. Cha pili ni kulazimisha. Amplifaya ndogo ikifunguliwa hadi mwisho hukata vilele vya muziki, na ukataji huo hupeleka kwenye twita, spika ndogo ya sauti za juu, nguvu isiyotarajiwa. Twita nyingi zinazofika kwa mafundi zimeungua hivyo, wakati mwenyewe akiamini kuwa amplifaya ndogo haiwezi kuua spika.

Chumba nacho kina sehemu yake. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha makubwa ya vioo, vyote vikirudisha sauti. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hupunguza mwangwi. Spika ikisukumwa kwenye kona, besi huvimba na kufunika maneno ya mwimbaji; ikisogezwa hatua moja kutoka ukutani, sauti hufunguka.

Jaribio zuri dukani ni la sauti ya chini. Beba wimbo unaoujua kwa moyo. Taarabu itakuonyesha kama fidla na kanuni zinasikika kila moja peke yake. Muziki wa dansi utakuonyesha kama gitaa la solo, ridhimu na besi vimetengana. Mfumo unaopendeza kwa sauti ndogo utapendeza ukifunguliwa.

Mtumba na umeme wa volti 100

Soko la mtumba ndilo lenye thamani kubwa kwa mwenye subira. Amplifaya za miaka ya 1970 hadi 1990 za Pioneer, Technics, Kenwood na Sony zilitengenezwa wakati uzito wa transfoma ulikuwa fahari ya kiwanda, na nyingi bado zinafanya kazi. Hatari yake kubwa ni umeme. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na cha Marekani volti 120. Kikichomekwa kwenye soketi yetu ya volti 230 au 240 huungua papo hapo, isipokuwa kipitie transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kuchomeka chochote.

Kwenye spika za mtumba, toa kava uguse ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka mingi, na joto na unyevunyevu wa pwani huharakisha. Wa mpira hudumu zaidi. Fundi anaweza kubadilisha ukingo huo, na gharama yake iingie kwenye mapatano ya bei.

Kwa wenye umeme wa jua au wanaotegemea betri, amplifaya mpya za daraja la D zina faida ya wazi. Hizi hupeleka kwenye spika hadi asilimia 90 hivi ya umeme zinaouvuta, wakati za daraja la AB hupoteza sehemu kubwa kama joto. Kijisanduku cha saizi ya kiganja kinatosha kwa sebule nzima.

Nafasi ya fundi

Kuna biashara inayosubiri mikono ya hapa. Kontena hulipiwa kwa ujazo, na boksi la spika kwa sehemu kubwa ni hewa. Koni na sumaku zikiagizwa peke yake, boksi likajengwa hapa, gharama ya usafiri hupungua na kazi hubaki nyumbani. Maseremala wetu tayari hutengeneza maboksi ya spika kwa ajili ya kumbi, baa na makanisa. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu, na hesabu ipo. Tangu kazi za Neville Thiele na Richard Small zilizoanza Australia mwaka 1961, fundi anaweza kukokotoa ujazo wa boksi na urefu wa tundu lake kwa vipimo vya koni yenyewe, na leo programu za bure hufanya kazi hiyo. Vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania vinafundisha useremala na elektroniki. Somo hili linaunganisha vyote viwili.

Lakini fundi mkweli hawezi kushindana na boksi linalodai wati 15,000 wakati lake linasema 50. Marekani ilikutana na tatizo hilohilo, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni ya jinsi nguvu ya amplifaya za nyumbani inavyopimwa kabla ya kutangazwa. Mwaka 2024 ikaikaza. Mashirika yetu ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yana mamlaka juu ya viwango vya bidhaa zinazoingia nchini. Sharti moja lingetosha kuanzia: wati za mfululizo, omu zake na kiwango cha uchafuzi wa sauti viandikwe mbele ya boksi kwa herufi kubwa kuliko tarakimu nyingine yoyote. Mwagizaji atalipia kipimo hicho mara moja kwa kila muundo, na muuzaji wa bidhaa nzuri atapata kitu ambacho leo hana: namba anayoweza kuitetea mbele ya mteja. Mpaka siku hiyo, mnunuzi asome nyuma ya chombo, asikilize kwa sauti ndogo, na aanze na spika.