Muhula wa Kiwanja cha Chama Unapokaribia Kwisha

Nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha nyumba, niliomba nionyeshwe hati ya ardhi. Katibu aliitoa kabatini, imehifadhiwa vizuri ndani ya bahasha, na ni dhahiri kwamba haikufunguliwa kwa miaka mingi. Kamati nzima iliamini kwamba chama kina miaka 99 tangu siku kilipokinunua kiwanja. Hati ilisema vingine. Muhula ulianza tarehe 1 Januari 1932, kwa jina la mtu ambaye hakuna mwanachama aliyepata kumwona. Chama kilinunua mabaki ya muhula wake, na muhula huo utakoma tarehe 31 Desemba 2030. Juu ya kiwanja hicho zimesimama nyumba za wanachama, baadhi yao wakiwa bado wanalipa mikopo waliyojengea.

Yafaa ieleweke ni kitu gani hasa alicho nacho mwenye ardhi ya kukodi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii, na ya kibinafsi. Ardhi ya kibinafsi yaweza kuwa ya kudumu, au ya kukodi kwa muhula uliowekwa, na viwanja vingi vya mijini ni vya namna hii ya pili. Mwenye hati aweza kujenga, kuuza na kuweka rehani kwa masharti ya hati yake, lakini haki hizo zote huishi kadiri muhula unavyoishi. Ukikoma, ardhi hurudi Serikalini. Na nyumba ya mawe haing'olewi ikabebwa mgongoni. Hata kabla ya siku hiyo madhara huonekana, kwa kuwa benki husita kukopesha kwa dhamana ya hati iliyobakiwa na miaka michache, na mnunuzi mwenye akili hupunguza bei.

Kuna maneno mawili yasiyopasa kuchanganywa. Kurefusha muhula ni kuomba miaka zaidi wakati muhula ungali hai. Kuufanya upya ni kuomba baada ya kwisha, na hapo mwombaji amesimama mahali padhaifu. Sheria ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2012, kifungu cha 13, haikumtupa kabisa: aliyekuwa akiishika ardhi apewe nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena. Lakini sharti awe raia wa Kenya, na ardhi yenyewe isiwe inahitajika kwa manufaa ya umma, na Serikali ya taifa wala ya kaunti.

Sharti la uraia ndilo nililoona kamati nyingi hazijalifikiria. Kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba, shirika huhesabiwa kuwa raia iwapo tu linamilikiwa lote na raia. Hakikutajwa kiasi cha hisa. Mwanachama mmoja asiye raia, hata akiwa na hisa chache na tabia njema kuliko wote, aweza kukiondolea chama chote sifa hiyo. Kwa hiyo daftari la wanachama lichunguzwe mapema, tena kwa adabu, maana si kosa la mtu kuzaliwa alikozaliwa.

Kanuni za mwaka 2017 kuhusu kurefusha na kufanya upya mihula zinaitaka Tume ya Taifa ya Ardhi kumwarifu mwenye hati katika miaka mitano kabla ya muhula kukoma. Chama kisikae kungoja barua hiyo. Katika chama nilichokitaja, anwani iliyokuwa katika kumbukumbu ilikuwa sanduku la posta la mwenyewe wa zamani!

Maombi hupita kwa Tume, kwa Serikali ya kaunti na kwa Wizara ya Ardhi. Kodi ya ardhi inayolipwa Serikali ya taifa, na ushuru wa kiwanja unaolipwa kaunti, viwe vimelipwa hadi mwisho na stakabadhi ziwepo. Deni dogo lililosahauliwa hukwamisha jalada kwa miezi. Kamati pia itenge fedha, kwa sababu ardhi huthaminiwa upya na kodi ya mwaka yaweza kupanda.

Palipo na hati moja mama kwa jina la chama, mwanachama hawezi kuomba peke yake kwa ajili ya nyumba yake. Chama ndicho kiombe, kwa azimio la mkutano mkuu lililoandikwa katika kumbukumbu na kutiwa sahihi.

Katika ukaguzi ujao nitaomba hati ya ardhi iwekwe mezani pamoja na daftari la fedha, na tarehe ya kuanza muhula iwe imeandikwa kwa wino katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mali.